Kweli Moja, Vioo Vitatu

Katika mji wa Kanazawa, nchini Japani, kuna makumbusho ya sanaa yaliyofunguliwa mwaka 2004. Jengo lake ni la duara, kuta zake za nje ni za kioo, na halina upande ambao mtu angeuita mbele au nyuma. Nje yake, kwenye majani anapoweza kupita yeyote, kuna kazi ya mwaka 2010 ya msanii Olafur Eliasson, aliyezaliwa Copenhagen mwaka 1967 kwa wazazi wa Kiaislandi. Ni kuta tatu za kioo zilizopinda, kila moja na rangi yake: moja samawati, ya pili waridi iliyokoza, ya tatu njano. Zimezungukana mfano wa gamba la konokono, zikiacha njia ya mtu kuingia, kupita katikati na kutoka. Usiku taa nyeupe huwaka ndani yake.

Kazi hii haina kitufe cha kubonyeza. Kinachoiendesha ni miguu ya anayeitembelea. Ukisimama pale pale unaona rangi moja au mbili, basi. Ukipiga hatua tatu, ukuta wa njano unapita mbele ya ule wa samawati na ghafla majani, miti na watu vyote vimekuwa kijani kibichi. Ukisogea tena, njano inakutana na waridi, na dunia inakuwa nyekundu. Watoto hulielewa jambo hili haraka kuliko wazazi wao. Wanakimbia huku na huko wakiitana, kila mmoja akimwambia mwenzake rangi aliyogeuka.

Ndugu msomaji anaweza kuuliza kitu hiki kinatafuta nini katika kitabu cha insha za imani. Tunakileta kwa sababu kinaonekana kulithibitisha neno ambalo siku hizi tunalisikia kila mahali, hata katika jumuiya zetu za nyumba kwa nyumba: kwamba kila mtu ana ukweli wake. Kijana analisema akiwa amechoka kubishana na baba yake kuhusu ibada. Mke na mume wanalisema mbele ya mchungaji, kila mmoja akiwa ameshika upande wake. Linasemwa kwa upole, na mara nyingi nia yake ni njema, maana linazima ugomvi. Na hapa Kanazawa tunaona watu wawili wamesimama pande mbili za kioo kimoja, wakitazama mti mmoja, mmoja akisema ni wa kijani na mwingine akisema ni mwekundu, na wote wawili hawadanganyi. Je, si ndivyo ilivyo hata katika mambo ya Mungu na ya wanadamu?

Swali hili lina uzito, na tutalichukua taratibu. Lakini kwanza tuondoe jiwe moja njiani.

Neno lenyewe "sanamu" halisikiki vizuri masikioni mwa washarika wengi. Tumelikuta kwanza katika amri, kabla hatujalikuta katika sanaa. Na tunakumbuka habari ya yule nyoka wa shaba ambaye Musa alimtengeneza kwa agizo la Mungu mwenyewe, watu wakapona. Miaka mingi baadaye mfalme Hezekia akalazimika kumvunja vipande, kwa sababu watu walikuwa wanamfukizia uvumba (2 Wafalme 18). Kwa hiyo tahadhari ipo, na ni ya haki. Kitu chema kinaweza kugeuka kuwa mungu. Hata hivyo Biblia hiyo hiyo inatuambia kwamba mtu wa kwanza kutajwa kuwa amejazwa Roho ya Mungu kwa ajili ya ufundi alikuwa Bezaleli, fundi wa dhahabu, fedha, shaba, mawe na mbao (Kutoka 31). Roho alimshukia mtu mwenye patasi mkononi. Tunadhani hilo linatosha kumaliza hofu kwamba kila kazi ya mikono ni mwanzo wa ibada ya sanamu.

Tena kuta za Kanazawa hazina uso wa kuinamiwa. Sanamu tulizozizoea mijini kwetu zimewekwa juu, nasi tumewekwa chini. Sanamu ya Askari katikati ya Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927, inatazama mbali kupita vichwa vyetu. Ile ya Dedan Kimathi jijini Nairobi, ya mwaka 2007, nayo iko juu ya jiwe lake. Ziko pale kwa sababu nzuri, za kukumbuka waliokufa na waliopigana, na hatuzibezi. Lakini tunazitazama kwa kuinua shingo na kuendelea na safari. Kitu cha kioo hakitazamwi hivyo. Macho yanapita ndani yake na kutua kwa mtu aliye upande wa pili. Kama kuna mfano wake katika Maandiko, ni yale mawe 12 ambayo Yoshua aliagiza yatolewe Yordani na kusimamishwa Gilgali (Yoshua 4). Hayakuwekwa yaabudiwe wala yasifiwe kwa uzuri. Yaliwekwa ili siku moja watoto waulize maana yake, na wazazi walazimike kujibu.

Basi na sisi tuulize. Kioo cha njano kinafanya nini?

Wengi wetu tungesema kinaongeza njano. Tungekosea. Mwanga mweupe wa jua una rangi zote ndani yake. Kioo cha njano hakina rangi yoyote ya kuongeza; kinachofanya ni kuzuia. Kinaizuia rangi ya buluu isipite, na kinachobaki baada ya buluu kuondolewa ndicho macho yetu yanakiita njano. Kioo cha waridi iliyokoza kinazuia kijani. Kioo cha samawati kinazuia nyekundu. Anayemiliki duka la stesheneri anazijua rangi hizi tatu vizuri, maana ndizo anazonunua kila mara kwa ajili ya mashine ya kuchapisha, pamoja na chupa ya wino mweusi. Wino nao hufanya kazi kwa kuzuia: karatasi nyeupe inarudisha mwanga wote, wino unaukata.

Hapa ndipo mambo yanapogeuka. Tuseme mwanamke amesimama katikati ya kuta zile akiwa amevaa kanga nyekundu, nasi tunamtazama kwa nje kupitia kioo cha samawati. Kanga itaonekana karibu nyeusi, kwa sababu mwanga mwekundu unaotoka kwake umezuiwa njiani. Tukisema, "Tunaona kanga nyeusi," tumesema kweli. Tukisema, "Kanga yake ni nyeusi," tumekosea, na haijalishi tumesema kwa unyofu kiasi gani. Kanga ni nyekundu. Ilikuwa nyekundu kabla hatujafika na itabaki nyekundu tukiondoka. Kati ya sentensi hizo mbili kuna pengo dogo, na ndani ya pengo hilo ndimo unamozama usemi wa kila mtu na ukweli wake. Unachukua jambo moja la haki, kwamba kila mtu ana mahali anapotazamia, na kuligeuza kuwa jambo jingine kabisa, kwamba hakuna kinachotazamwa.

Mtu mkweli anaweza kukosea. Tungependa neno hili lisemwe mara nyingi zaidi kanisani, kwa sababu tumezoea kudhani kwamba anayekosea ana nia mbaya. Tukishampata ndugu amekosea, tunaanza kutafuta dhambi iliyomfanya akosee. Na kwa upande wa pili, tukishaona kwamba ndugu ana moyo safi, tunaona haya kumwambia amekosea. Kazi ya Eliasson inayatenganisha mambo haya mawili bila kusema neno. Aliye upande wa samawati hana hila yoyote. Macho yake ni mazima, moyo wake ni mweupe, na kanga bado si nyeusi.

Lakini kuna pingamizi, nasi hatutaki kulipita kimya kimya. Mtu anaweza kutuambia: Mnasema kanga ni nyekundu kwa sababu mmejifanya mko nje ya kioo. Nani yuko nje? Kanisa lenyewe si kioo? Mafundisho mliyopokea, lugha mnayosomea Biblia, kabila, kipato, kuzaliwa mwanamume au mwanamke, haya yote hayazuii kitu?

Yanazuia. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba sasa tunaona kwa namna isiyo wazi, na kwamba tunajua sehemu tu (1 Wakorintho 13). Aliyeandika hivyo ni mtume, tena aliyekutana na Bwana njiani. Kama yeye alikiri hivyo, itakuwa ajabu sisi tujione tumetoka nje ya kuta zote. Na historia ya kanisa inatupa ushahidi mchungu.

Mwanzo sura ya 9 ni sura ya upinde wa mvua. Mungu anaweka agano, na maneno ya agano hilo ni mapana kupita kiasi: ni pamoja na Nuhu, na uzao wake, na kila kiumbe hai kilichotoka safinani, hata ndege na wanyama wa mwitu. Hakuna aliyeachwa nje. Sura hiyo hiyo, aya chache mbele, inasimulia Nuhu amelewa, na laana anayoitamka akizinduka. Laana hiyo haimtaji hata Hamu. Inamtaja Kanaani mwanawe. Kwa karne kadhaa Wakristo wa Ulaya na Marekani walisoma sura hii na kufundisha kwamba Waafrika ni wana wa Hamu waliolaaniwa kuwa watumwa. Tufikirie jinsi kioo chao kilivyofanya kazi. Hawakuongeza ukurasa katika Biblia. Waliuacha mwanga wa aya chache upite, na wakauzuia wa zile nyingi. Agano na viumbe vyote lilikuwa limeandikwa pale pale, juu kidogo ya vidole vyao, nao hawakuliona. Wapo miongoni mwao waliokuwa wacha Mungu, waliosali asubuhi na jioni.

Tena kuna habari ya Afrika Kusini. Mwaka 1857 sinodi ya Kanisa la Kiholanzi la Reformed la Rasi ilijadili kama waumini weupe na weusi washiriki pamoja. Sinodi ilikubali kwamba ni vyema, na ni kwa kadiri ya Maandiko, waumini wote wawe katika sharika moja. Kisha ikaruhusu watengane katika ibada, kwa sababu ya udhaifu wa baadhi ya watu. Tukisoma uamuzi huo leo tunashangaa. Waliiona nyekundu! Waliisema kwa vinywa vyao. Halafu wakasogea hatua mbili nyuma ya kioo, na kutoka hapo kanga ikawa nyeusi kwa zaidi ya miaka 100. Mwaka 1881 likaundwa kanisa la pekee kwa ajili ya waumini waliotengwa kwa rangi. Na ni kanisa hilo la waliotengwa lililoandika Ungamo la Belhar mwaka 1982, likalipokea rasmi mwaka 1986, likisema kwamba umoja wa kanisa ni zawadi na ni wajibu, na kwamba mafundisho yanayowatenga watu kwa rangi hayapatani na Injili.

Waliotoa jibu, basi, ni wale waliokuwa upande wa pili wa ukuta. Hatusemi kwamba wao hawakuwa na kioo chao. Walikuwa nacho, kama kila mwanadamu. Lakini rangi iliyozuiwa kwa wenzao haikuzuiwa kwao, na jambo lililobishaniwa lilikuwa ni wao wenyewe. Aliyevaa kanga anajua rangi ya kanga yake.

Wazee wetu husema, penye wazee haliharibiki neno. Ni methali tunayoipenda, na wazee wa kanisa wanaipenda zaidi. Lakini tutazame kinachotokea pale vioo vinapopangwa kimoja nyuma ya kingine. Njano juu ya samawati inaacha kijani peke yake. Ongeza cha waridi, na hata kijani inazuiwa: kunabaki giza, au karibu na giza. Vioo vitatu, kila kimoja kizuri na angavu, vikikubaliana vinatoa usiku. Sinodi ya mwaka 1857 haikukosa wazee. Baraza la usharika linaweza kuwa na watu 12 wenye busara, wote wa mtaa mmoja, wa umri mmoja, wenye mashamba au biashara za aina moja, na kila mmoja akiongeza maoni yake juu ya maoni ya mwenzake, jambo likazidi kuwa jeusi huku wote wakiona wanazidi kuwa na hakika. Tumewahi kusikia hoja ya mjane ikijadiliwa kwa saa mbili, na mjane mwenyewe yuko nje kwenye benchi.

Mwanga wenyewe una tabia nyingine. Ukichukua taa tatu, moja nyekundu, moja kijani, moja buluu, ukazielekeza zote kwenye ukuta mmoja mweupe, mahali zinapokutana panakuwa peupe. Taa zinajumlisha, vioo vinatoa. Watu wanaweza kukutana wakiwa wameleta walichopewa, na wanaweza kukutana wakiwa wameleta kile wasichotaka kipite. Mkutano wa namna ya kwanza na mkutano wa namna ya pili vinaweza kuwa na ajenda ile ile, sala ile ile ya kufungua, na chai ile ile. Ni vigumu kuvitofautisha ukiwa mlangoni.

Upinde wa mvua nao uko upande wa taa. Tone la mvua halizuii rangi kama kioo kile. Linaufungua mwanga na kuutandaza, kila rangi mahali pake, hakuna iliyofukuzwa. Pengine ndiyo sababu unafaa kuwa ishara ya agano la wote, ingawa hapa tunawaza tu.

Sasa tugeukie jambo la mahali. Kuta za Kanazawa zingekuwa ndani ya jengo, nyuma ya kamba, na kibao kinachosema "Usiguse", zingebaki kuwa nzuri, lakini hoja yote hii isingewezekana. Inahitaji miguu. Inahitaji pia mtu mwingine, tena si lazima awe tunayemfahamu. Eliasson ana kazi nyingine kubwa zaidi katika mji wa Aarhus, Denmark: njia ya duara ya vioo vya rangi zote za upinde wa mvua, yenye urefu wa mita 150, iliyojengwa juu ya paa la makumbusho ya ARoS na kufunguliwa mwaka 2011. Waliosanifu jengo lile walimfuata Dante, wakaweka jehanamu kwenye ghorofa ya chini na paradiso juu ya paa. Inasemekana mandhari ya mji kutoka mle ni ya kustaajabisha, nasi hatuna shaka. Ila mtu hupanda kwa tiketi. Paradiso yenye karani mlangoni haikosi kuchekesha.

Tusiwacheke peke yao. Sainte-Chapelle ya Paris, iliyowekwa wakfu mwaka 1248, ina madirisha ya vioo vya rangi ambayo hayana wenzi wengi duniani: madirisha 15 marefu, yenye picha zaidi ya 1,000 za habari za Biblia. Mfalme Louis wa Tisa aliijenga kwa ajili ya taji ya miiba. Chapeli ya juu, yenye mwanga wote ule, ilikuwa ya mfalme na watu wake. Watumishi wa jumba walisali chini, kwenye dari fupi na vidirisha vidogo. Walisali kwa Bwana yule yule, chini ya sakafu ya wale waliokuwa wanaoga rangi. Kanisa limejua kwa muda mrefu sana jinsi ya kutengeneza mwanga mzuri na kisha kuamua nani asimame ndani yake.

Ndiyo maana tunaona jambo jema katika kazi inayowekwa mahali pa wazi, ambapo mfagiaji wa barabara na mwenye benki wanapakwa rangi moja bila kuulizwa. Mwaka 2004 jiji la Chicago lilifungua chemchemi iliyobuniwa na Mhispania Jaume Plensa: minara miwili ya matofali ya kioo, yenye urefu wa mita 15 hivi, ikitazamana juu ya jiwe jeusi lililofunikwa na maji membamba. Nyuma ya vioo kuna taa zinazoonyesha nyuso za wakazi wa kawaida wa jiji, watu 1,000, kila uso kwa zamu yake, na kila baada ya muda uso unakunja midomo na maji yanaruka kutoka kinywani. Wakati wa joto watoto wa mitaa yote wanajaa pale wakilowana. Iligharimu dola milioni 17, sehemu kubwa ikiwa ni michango ya matajiri.

Milioni 17 kwa watoto kulowana. Mtu wa kanisa akisikia hivyo anakumbuka chupa ya marhamu, na yule aliyeuliza kwa nini isiuzwe wapewe maskini. Yohana anatuambia muulizaji alikuwa Yuda, na kwamba hakuwajali maskini (Yohana 12). Tangu hapo kila anayeuliza habari ya gharama anaweza kunyamazishwa kwa kuitwa Yuda, nasi hatuoni kama ni haki. Mama ambaye mtoto wake amekosa dawa ana haki ya kuuliza sanamu imegharimu kiasi gani, na jiji likiwafukuza wamachinga kwanza ili kuweka sanamu mahali walipokuwa wakiuza, basi hata iwe nzuri namna gani imesimama juu ya mkate wa mtu. Lakini wapo pia wanaodhani kwamba maskini anahitaji chakula, dawa na paa, na kwamba uzuri ni wa waliokwisha kushiba. Hilo tunalikataa. Mtoto wa mitaa duni anayekimbia chini ya maji yale bila kulipa senti hajapewa kitu cha kupoteza muda. Amepewa sehemu yake ya jiji.

Chemchemi hiyo ilipata mtihani. Mwaka 2006 watu walitambua kwamba kamera za ulinzi zimewekwa juu ya minara, juu ya vichwa vya zile nyuso. Nyuso za majirani zilikuwa zimegeuka kuwa macho ya mamlaka. Wakazi walilalamika na kamera zikaondolewa. Sisi tunaliona kuwa jambo kubwa kuliko linavyoonekana. Kioo kinachopenyesha mwanga kinakubalika kwa sababu pande zote mbili zinaonana. Siku upande mmoja unapoona na mwingine hauoni, kimekuwa dirisha la askari wa zamu. Katika kanisa, tunapomtaka mshirika atoe ushuhuda wa maisha yake mbele ya wote, na hesabu za usharika zikae kabatini, tumeweka kamera juu ya mnara.

Hatutarajii usharika wowote ununue kuta za kioo kutoka Denmark. Lakini zile karatasi laini za rangi zinazofungia vikapu vya zawadi za harusi, zinazoonyesha vilivyomo, zinapatikana kila soko. Mwalimu wa Shule ya Jumapili akichukua ya njano, ya samawati na ya waridi, akawapa watoto waziinue kwenye dirisha la kanisa, kwanza moja moja, kisha mbili, kisha zote tatu pamoja, atakuwa na somo la nusu saa. Awaache wasimame wanatazamana, mmoja ndani na mmoja nje ya dirisha. Halafu wabadilishane mahali. Watakachouliza kwanza, karibu kila mara, ni kwa nini tatu zinaleta giza. Cha pili huwa ni cha yule aliye nje, na ni vizuri mwalimu awe amejiandaa nacho: anataka kujua wenzake walio ndani wanamwona akiwa na rangi gani, na kama wanaweza kumfungulia mlango ili aje awaambie si hiyo.